Wasimamizi wa makundi ya mitaa wapewe zamu na kanuni

Kwa Mhariri,

Katika mitaa mingi ya Nakuru, kuanzia Section 58 na Free Area hadi Kiti na Kaptembwa, kundi la WhatsApp la wakazi ndilo baraza la kila siku. Humo ndimo tunamojua iwapo maji yatatoka kesho, na humo hutangazwa kitambulisho kilichookotwa stejini, mtoto aliyepotea na mchango wa matanga. Tumelizoea mno hata tukasahau kwamba kuna mtu anayelitunza bila malipo, na kwamba mtu huyo huchoka. Ninaomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kwa nini wakazi wanapaswa kuwachagua wasimamizi hao kwa muda maalumu, wawaandikie kanuni na kuwapokeza kazi wengine kabla hawajalemewa, na wafanye hivyo kabla kampeni za uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 hazijapamba moto.

Kazi ya admini, kama tunavyomwita, haionekani kwa sababu sehemu kubwa yake hufanyika pembeni. Aliyeudhika kundini humwandikia faraghani kumuuliza mbona amemwachia fulani amtukane; punde si punde yule fulani naye hutuma ujumbe mrefu wa sauti akijitetea na kudai kuwa ndiye aliyeanza kuchokozwa. Wote wawili ni majirani zake, na kesho atakutana nao dukani. Akifuta ujumbe anaitwa dikteta, akiuacha anaambiwa amelala kazini. Jumbe hizi humfikia akiwa kazini, akiwa jikoni au akiwa amelala, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana haki ya kuzima simu.

Katika mtaa wetu kazi hii ilifanywa kwa miaka kadhaa na mama mmoja ambaye ni fundi wa nguo. Jioni moja ilitangazwa tanzia ya mzee wa hapa kwetu, na rambirambi zilipokuwa zikiendelea mwanachama mmoja akatuma bango la mwanasiasa anayemuunga mkono. Mama akalifuta na kumwomba kwa upole asubiri. Yule bwana akalirudisha, mara ya pili na ya tatu, ndipo akatolewa. Kufikia asubuhi hakuna aliyezungumzia bango tena. Habari iliyoenea ni kwamba mtu wa kabila fulani amefukuzwa na mtu wa kabila jingine. Picha za skrini zilizokatwa ili maombi yake ya upole yasionekane zikasambazwa katika makundi mengine, na wateja wake wawili wakaja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Wiki hiyo hiyo alijiondoa kundini, na hadi leo hataki kusikia habari zake.

Baada yake kundi liligawanyika mara mbili, na hasara haikukawia kuonekana. Mtoto alipotea mchana, tangazo likawekwa katika kundi moja, huku mwenye duka aliyekuwa amempokea na kumpa chai akiuliza katika kundi la pili mtoto huyo ni wa nani. Wazazi walimtafuta hadi magharibi ilhali alikuwa mtaa huo huo.

Mgogoro wa namna hii una uzito zaidi hapa Nakuru kuliko pengine. Wengi wetu tunazikumbuka ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008, jinsi majirani walivyohama usiku kwa sababu ya majina yao. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipitishwa mwaka huo huo, na anayepatikana na hatia ya matamshi ya chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mwaka wa 2017, kabla ya uchaguzi, Mamlaka ya Mawasiliano na tume ya uwiano zilitoa mwongozo ulioweka jukumu la kudhibiti mijadala mitandaoni mikononi mwa wasimamizi. Nakubali kwamba lazima pawe na wa kuwajibika. Hata hivyo, si haki kumtwika mtu mmoja wajibu huo wote kisha tumwachie pia matusi.

Vifaa navyo vimeongezeka kuliko mikono. Kundi la WhatsApp lililokuwa na nafasi ya watu 256 liliruhusiwa kufikia 512 na kisha 1,024 katika mwaka mmoja wa 2022. Admini sasa anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote au kulifunga kundi ili wasimamizi pekee waandike, lakini uamuzi wa kutumia vifaa hivyo, na lawama zinazoufuata, bado ni vyake peke yake.

Tusidhani madhara ya kazi ya kuchuja maneno na picha za wengine ni ya kufikirika. Mwishoni mwa 2024 ziliripotiwa taarifa za daktari zilizowasilishwa mahakamani Nairobi, zikionyesha kwamba zaidi ya watu 140 waliokuwa wameajiriwa kuchuja maudhui ya Facebook walikuwa na maradhi makali yatokanayo na kiwewe. Waliyoyaona hao ni mabaya kupita kiasi, na siwezi kuyalinganisha na ugomvi wa mtaani. Ila wao walikuwa na mwajiri wa kumshtaki. Mama fundi angemshtaki nani?

Ninapendekeza kila kundi la mtaa liwe na wasimamizi wasiopungua watatu, wasiotoka ploti moja wala jamii moja, waliochaguliwa katika mkutano wa ana kwa ana kama tunavyowachagua waweka hazina wa vyama vyetu, na wahudumu kwa miezi sita tu. Mtu asitolewe kundini ila wawili kati yao wamekubaliana, na aliyetolewa awe na haki ya kusikizwa na wazee wa mtaa. Kundi lifungwe saa nne usiku, isipokuwa kwa dharura. Malalamiko yapelekwe kwa wote watatu kwa pamoja, kamwe si kwa mmoja faraghani; nadhani kanuni hii pekee ingewaondolea nusu ya uchovu wao.

Wapo wanaosema kwamba aliyechoka ajiondoe tu, kwani hakulazimishwa. Aliyejiondoa kwetu ndiye aliyekuwa mvumilivu kuliko wote, na nafasi yake ilichukuliwa na mwenye sauti kubwa zaidi. Ninawaomba viongozi wa Nyumba Kumi na kamati za wakazi, hapa Nakuru na pia Kisumu, Kakamega na Eldoret, waliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano wao ujao, na kanuni zitakazokubaliwa zibandikwe juu ya kundi ambapo kila anayeingia atazisoma kabla ya kuandika.

Mkazi wa Free Area,
Nakuru