Chaki napewa, ajira sipewi

Mhariri, pole na majukumu. Naomba kanafasi nitoe dukuduku langu maana wenzangu kazini nimeshawachosha.

Mimi nafundisha takwimu kwenye chuo kimoja hapa Dar, jina nalihifadhi, mwaka wa nne huu, kwa mkataba wa muda, ule wa kulipwa kwa saa na hela yenyewe inakuja semista nyingine imeshaanza. Mwezi uliopita chuo hichohicho kikatangaza nafasi za wahadhiri wasaidizi, somo langu kabisa, nikasema hii ndo yangu. Nikakimbilia steshenari kutoa kopi, nikaenda kwa wakili kugongesha mihuri vyeti vyote mpaka cha kuzaliwa, usiku nikakaa kujaza kwenye mfumo, intaneti ikikata naanza upya, nakuja kusoma masharti vizuri (ningeanza na hayo, najua) nakuta shahada ya kwanza GPA, yaani wastani wa alama za chuo, isipungue 3.8 na uzamili 4.0. Uzamili nina 4.4. Ya kwanza nina 3.7.

Hiyo nukta moja niliiacha mwaka wa kwanza, 2011, nimetoka kijijini kompyuta sijawahi hata kuigusa, nikala C mbili. Na GPA haina kurisiti kama fomu foo, ukishaipata ndo yako mpaka kaburini.

Sisemi viwango vifutwe, hamna anayetaka mtoto wake afundishwe na kilaza. Kwa TA, yaani mkufunzi msaidizi, naelewa kabisa, yule ana shahada moja tu, utampimia nini kingine? Lakini mtu kasoma uzamili, tasnifu kaitetea mbele ya jopo, ana makala mbili kwenye jarida, halafu bado tunaulizana habari za C ya 2011?

Na kama 3.7 haifai kufundisha mbona nafundisha? Jumapili bodaboda kaniletea kiroba cha skripti 240, kimefungwa na kamba ya manila, nasahihishia kwenye meza ya chakula hadi mke wangu anauliza watoto wale wapi. Maksi hizo zinaenda kwenye GPA za watu, yaani mimi wa 3.7 ndo naamua nani atoke na 3.8!

Ombi langu kwa wanaopanga haya masharti, kwa nafasi za wahadhiri wasaidizi mtu mwenye uzamili mzuri na uzoefu wa darasani aachwe afike kwenye usaili, apewe mada afundishe dakika 20 wanaomsaili wakimwangalia. Akichemka atolewe hapohapo, hatalalamika mtu. Ila wafanye mapema, maana matangazo hayohayo yanataka usizidi miaka 45 kama hauko serikalini na mimi nina 36 sasa.

Ngoja niishie hapa, kiroba kinatakiwa Jumatano na ndo kwanza niko skripti ya 61.

Mwalimu wa muda,
Dar es Salaam