Bodi ya wekstesheni imeingia kwenye kasha la ATX, lakini umeme na feni vinagoma

Mhariri na mafundi wenzangu, salaam.

Nina wekstesheni (kompyuta ya mezani ya kazi nzito) ya soketi LGA 2011-3 yenye prosesa ya Xeon E5-1650 v4. Nguvu bado inazo, ila kasha lake limebana: kadi ya grafiki ya milimita 310 inagonga kizimba cha diski, na diski za inchi 3.5 zinaingia mbili tu. Kwa hiyo naihamishia kwenye kasha la kawaida la ATX, yaani kipimo kinachofuatwa na makasha, bodi na pawa saplai nyingi za kompyuta za mezani. Kazi ya bati imekwisha. Nilipokwama ni kwenye umeme na feni.

Niyataje kwanza yaliyokwisha ili mtu asinirudishe huko. Bodi inakaribia ukubwa wa ATX (milimita 305 kwa 244), isipokuwa matundu mawili ya skrubu hayaangukii mahali pake. Nimeng'oa kila stendi ya shaba isiyo na tundu juu yake, maana moja tu ikibaki chini ya bodi inatosha kupiga shoti. Palipokosa stendi nimetoboa upya. Bati la nyuma linalozunguka milango ya USB lilikuwa sehemu ya kasha la zamani na halichomoki, hivyo nimelikata kwa msumeno wa chuma na kulipiga tupa hadi likakaa kwenye dirisha la milimita 158.75 kwa 44.45. Kipoza prosesa hakina neno, kwani kwenye soketi hii skrubu zake hushika kwenye fremu ya soketi yenyewe, si kwenye kasha. Anayetaka kubadili kipoza apime kwanza nafasi ya skrubu: kuna fremu ya mraba ya milimita 80 kwa 80 na nyingine nyembamba ya 56 kwa 94.

Sasa umeme. Pawa saplai asilia ni ya wati 700, ndefu, na plagi yake kuu ina pini 18 badala ya 24. Nimepima kila waya kwa multimita. Mashine ikiwa imezimwa lakini imechomekwa ukutani, waya wa umeme wa kusubiri una volti 12, si 5. Ikiwaka, hakuna waya hata mmoja wenye volti 5 au 3.3, bodi inazitengeneza yenyewe kutoka kwenye 12, kisha inazipeleka kwenye diski kupitia plagi ndogo ya pembeni. Ndiyo maana kupanga upya waya peke yake hakusaidii: kwenye ATX, waya wa zambarau wa pini ya 9 unatoa volti 5, na bodi hii ikipewa 5 hapo haiamki. Waya wa kijani wa kuwashia (pini ya 16) na wa kijivu wa kuthibitisha umeme (pini ya 8) havinipi taabu, na plagi ya prosesa ya pini 8 nimeipima nikakuta inalingana na ya kawaida.

Zipo adapta zenye kisakiti cha kupandisha volti 5 hadi 12. Pawa saplai ninayoilenga ina ampea 2.5 kwenye umeme wa kusubiri, yaani wati 12.5. Tukitoa asilimia 15 zinazopotea njiani, zinabaki kama ampea 0.88 kwa volti 12. Mashine ikiwa imezimwa inanyonya chini ya nusu ampea, lakini multimita haikamati mruko wa sekunde ile ya kuwaka. Je, bodi za namna hii huhamia zenyewe kwenye volti 12 kuu zikishawaka, au huendelea kunyonya laini ya kusubiri? Nimefikiria kuweka dayodi mbili za Schottky, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, ili laini kuu ipokee mzigo. Tatizo ni kwamba dayodi inakula kama volti 0.4, zinabaki 11.6, na kikomo cha chini cha ATX ni 11.4. Roho inasita.

Njia ya pili ni kuibakiza pawa saplai ya zamani, niifunge kwa mabano pale kilipokuwa kizimba cha diski. Ina plagi mbili za pini 6, kila moja ya wati 75, ilhali kadi inadai moja ya pini 8, ambayo ni wati 150, na moja ya pini 6. Vile viunganishi vya kugeuza 6 kuwa 8 sivipendi hata kidogo. Vinaidanganya kadi kwamba waya una nguvu ambayo haukuahidiwa.

Upande wa feni, plagi ya feni ya mbele ina pini 6: ardhi, volti 12, waya wa kusoma kasi, wa kuamuru kasi, kisha mbili za ziada. Kwenye feni asilia pini ya 5 imeunganishwa na ardhi kwa kipande kifupi cha waya, na nimefanya vivyo hivyo kwenye feni mpya. Ya 6 inasoma kasi ya feni ya pili, ile ya kupoza RAM. Isiposomeka, mashine inasimama na kudai nibonyeze F1 kila inapowashwa. Nikigawa waya wa kusoma kasi wa feni moja kwenye pini zote mbili ujumbe unatoweka, lakini feni ya RAM ikifa hakuna atakayejua. Kuna aliyepata feni ya milimita 60 au 80 ambayo BIOS ya wekstesheni (programu ya bodi inayokagua vifaa mashine inapowaka) inaikubali kasi yake bila kulalamika kwamba ni ndogo mno?

Kitambuzi cha joto cha mbele kinasoma kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25. Wengi hushauri rezista ya kilo-omu 10 mahali pake. Hiyo itaiaminisha bodi kwamba hewa ni nyuzi 25 daima, na feni hazitapanda kasi hata kasha likitokota. Nitakihamisha chenyewe, ila waya wake ni mfupi: nikiurefusha kwa sentimita 40 kuna cha kuogopa?

Mwenye kujua hasa hilo la laini ya kusubiri, naomba anijibu kabla sijakata plagi ya pini 18.

Fundi mwenzenu