Salamu za Shukrani kwa Mliotushika Mkono Dada Yetu Alipobadilishiwa Valvu ya Moyo

Familia yetu ya Tanga, pamoja na ndugu walioko Mbagala na Morogoro, inapenda kutoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani, marafiki na wafanyakazi wenzake dada yetu, kwa jinsi mlivyojitoa kwa hali na mali tangu alipolazwa hadi leo, wiki ya 7 baada ya upasuaji wa kubadilishiwa valvu ya moyo, yaani kile kilango kinachopitisha damu upande mmoja tu. Si rahisi kumtaja kila mmoja, na baadhi yenu mlituomba tusiwataje. Ila tumeona neno "ahsante" peke yake ni dogo. Kila mlichokitoa kilikuwa na kazi yake, na tungependa mjue ni kazi gani, maana kazi nyingi kati ya hizo bado hazijaisha.

Shukrani za kwanza ziwaendee madaktari, wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Wao ndio waliomkalisha kitini mapema, wakampa kifaa cha kuvutia pumzi na kumtaka avute mara 10 kila saa akiwa macho. Baada ya ganzi, sehemu za chini za mapafu hujikunja. Kifua kikiuma mgonjwa hupumua kijuujuu, kohozi linatuama, nimonia inaingia. Ndiyo maana mgonjwa hupewa mto wa kukumbatia kila anapotaka kukohoa au kupiga chafya: unakibana kifua, maumivu yanapungua, kohozi linatoka. Mama uliyeshona ule mto mdogo wa sufi, ulioushindilia mpaka ukawa mgumu, Mungu akuzidishie. Mpaka leo hauachi.

Kwa vijana na akina mama mliokwenda kuchangia damu: kila chupa mliyotoa ni kama mililita 450. Upasuaji wa aina hii hufanyika moyo ukiwa umesimamishwa, damu ikizungushwa na mashine nje ya mwili, kwa hiyo akiba ya damu lazima iwepo kabla mgonjwa hajaingia. Wanaume mliotoa mnaruhusiwa kutoa tena baada ya miezi 3, wanawake baada ya miezi 4. Yuko mwingine anayesubiri kama alivyosubiri dada yetu.

Wengi mmetuuliza kawekewa nini. Valvu iliyoharibika ni ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliyoliwa taratibu na baridi yabisi ya moyo ya utotoni. Amewekewa valvu ya kutengenezwa, wengi huiita ya chuma ingawa sehemu yake kubwa ni kaboni ngumu, yenye vijani viwili vinavyofunguka na kujifunga. Ziko pia zinazotokana na tishu za ng'ombe au nguruwe, lakini kwa mtu wa umri mdogo hizo huchakaa mapema na kumrudisha kwenye kisu. Hii ya kaboni hudumu, ila ina sharti moja zito: damu hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo lazima ameze warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku, maisha yake yote. Ukikaa naye usiku nyumba ikiwa kimya utasikia tiki, tiki, kama saa ya mkononi. Msishtuke. Hiyo ndiyo valvu inavyojifunga. La kushtukia ni sauti hiyo ikififia ghafla huku akishindwa kupumua. Hapo ni hospitali bila kungoja asubuhi.

Majirani wa mtaani kwetu, hasa nyie mnaotujazia mapipa ya maji kila alfajiri, pengine hamjui uzito wa mnachokifanya. Mfupa wa kidari ulipasuliwa katikati kwa msumeno, kisha ukafungwa kwa nyaya za chuma. Nyaya hizo haziungi mfupa, zinaushikilia tu mpaka ujiunge wenyewe, na hilo huchukua wiki 6 mpaka 8 kuanza kukaza na kama miezi 3 kuwa imara. Kwa muda huo wote hapaswi kuinua kitu kinachozidi kilo 4 au 5. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, bado ndoo yenyewe. Hata ile ndogo ya lita 10 imeshapita kiwango mara mbili. Na si kubeba tu. Kukuna nazi kwenye mbuzi, kusonga ugali wa watu wengi, kukamua shuka, kutwanga, kufagia uwanja kwa nguvu, zote hizo huvuta misuli ya kifua pande mbili, na misuli ikivuta, kingo za mfupa zinasuguana. Mgonjwa akisikia mfupa unalia "kra" au unacheza anapogeuka, asinyamaze kwa kuogopa kusumbua watu, arudi kliniki. Kwa hiyo, mabinti mnaokuja kukuna nazi na kufua, mnaulinda mfupa ule. Kidonda cha juu kimeshafunga na anaonekana mzima, na hapo ndipo hatari ilipo: atataka kuonyesha kwamba anaweza. Msimruhusu kabla ya daktari kusema.

Hapa tunaomba jambo moja kwa wanaokuja kumjulia hali. Akitaka kuinuka, msimvute mikono wala msimshike kwapani. Anageuka ubavu kwanza, anateremsha miguu chini, na wewe unamsaidia kwa kuweka kiganja nyuma ya mabega na kumsukuma taratibu. Watoto wasimrukie; mtoto wa miaka miwili ana kilo kama 12. Akae pembeni yake mkekani, amshike mkono, inatosha. Na mwenye mafua au kikohozi asalimie kwa simu, hatutamhesabia.

Kidonda kinaoshwa kwa maji safi na sabuni ya kawaida, maji yakitiririka kutoka juu, kisha kinakaushwa kwa kukandamiza kitambaa safi bila kusugua. Hakipakwi asali, mafuta ya nazi wala poda. Tunasema hivi tukijua waliotuletea vitu hivyo walivileta kwa mapenzi. Kwa akina mama wengine mtakaopita njia hii: sidiria laini inayofungwa mbele na kubeba matiti vizuri husaidia sana, kwa sababu uzito wa matiti huvuta kidonda pande mbili, hasa sehemu ya chini.

Kuhusu vyakula, hapa ndipo maneno yalipokuwa mengi, na tunaomba yaishe. Mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini K nyingi, na vitamini K hupunguza nguvu ya warfarini. Baadhi yenu, kwa nia njema kabisa, mlisema asiguse tena mboga za majani. Si hivyo. Anachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, kwa sababu kipimo cha dawa kimepangwa kufuatana na chakula chake cha kawaida. Akizoea bakuli dogo la mchicha mara nne kwa wiki, liwe hivyo hivyo. Akiacha kabisa, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Akialikwa akashindiliwa kisamvu siku tatu mfululizo, damu inaanza kuganda. Waliotupikia tunawashukuru kwa moyo wote, na hasa mliokubali kupunguza chumvi. Papa mkavu na ng'onda, tunavyovipenda sisi watu wa pwani, kwa sasa viwekeni mbali naye: chumvi huzuia maji mwilini, na moyo wake bado unajifunza kazi. Anapima uzito kila asubuhi baada ya haja ndogo, kabla ya chai, akiwa na kanga ile ile. Ukipanda zaidi ya kilo 1 kwa siku moja, au kilo 2 kwa wiki, au miguu ikivimba, tunapiga simu kliniki siku hiyo hiyo.

Kwa ndugu yetu wa bajaji unayempeleka kupima INR bila kudai nauli kamili, hatuna cha kukulipa. Kipimo hicho kinaonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Mtu wa kawaida huwa karibu na 1. Dada yetu anatakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka chini ya hapo, damu inaweza kuganda kwenye valvu na kipande kikakimbilia ubongoni. Ikipanda sana, anaweza kuvuja damu ndani. Mwanzoni ilipimwa mara mbili kwa wiki, na ndiyo sababu shangazi wa Mbagala alimkaribisha badala ya sisi kumrudisha Tanga mapema. Dawa anameza saa 12 jioni. Akisahau akakumbuka usiku ule ule, anameza. Akikumbuka kesho yake, anaiacha iliyopita na kuiandika kwenye daftari. Hamezi mbili kwa pamoja.

Wenye maduka ya dawa, na nyote mnaopenda kumwambia mgonjwa "meza hii utapoa", tunawaomba sana. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini asipewe na mtu yeyote isipokuwa daktari wake. Flagili, septrini na flukonazo huipandisha INR, rifampisini huishusha. Hata dawa ya malaria aimeze baada ya kuuliza. Dawa za miti shamba hakuna anayejua zitafanya nini zikikutana na warfarini, kwa hiyo jibu ni hapana. Kwenye mkoba wake kuna kadi inayosema ana valvu ya kutengenezwa na anatumia warfarini. Akikutwa na tatizo njiani, kadi hiyo ionyeshwe kwanza. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, choo kikiwa cheusi kama lami, akigonga kichwa hata kama anasema yuko sawa: hospitali. Homa ya nyuzi 38 au zaidi nayo isichukuliwe kuwa malaria tu, inaweza kuwa ni maambukizi kwenye valvu. Kabla ya kung'olewa jino lazima amwambie daktari wa meno, apewe kinga ya antibayotiki kwanza.

Marafiki zake mnaokuja kukaa naye bila maswali, mmefanya kazi ambayo hakuna dawa inayoifanya. Baada ya upasuaji mkubwa wa moyo wagonjwa wengi hukosa usingizi, husahau mambo madogo, hulia bila sababu na hukosa hamu ya kula kwa wiki kadhaa. Haina maana kwamba hana shukrani au ana imani haba. Msimwambie "mbona umeshapona". Mtembezeni. Alianza na dakika 5 mara tatu kwa siku, sasa amefika dakika 20, na kipimo ni rahisi: aweze kuzungumza huku anatembea. Akishindwa kumaliza sentensi, pumzikeni.

Kuna jambo ameturuhusu kuliandika. Wapo wanaomuuliza lini atazaa. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na kuibadilisha kunahitaji mpango wa madaktari kabla ya mimba, si baada. Swali hilo tumwachie yeye, mumewe na daktari.

Na wazazi wenye watoto wadogo, chonde chonde. Baridi yabisi ya moyo huanzia kooni. Mtoto akiumwa koo, ana homa na tezi za shingo zimevimba, apelekwe akapimwe, na akipewa antibayotiki azimalize. Aliyekwisha kuugua baridi yabisi huhitaji kinga ya penisilini kwa miaka mingi, mara nyingi sindano kila wiki 3 au 4. Dada yetu mwenyewe anaendelea na kinga hiyo, na kila anapochomwa muuguzi huambiwa kwanza kuhusu warfarini.

Mwisho, hesabu. Mweka hazina wa kikundi cha michango ameshakabidhi daftari na risiti zote kwa wazee, na yeyote aliyechangia anakaribishwa kuziona. Zimebaki Sh 412,000. Tumekubaliana zisiguswe kwa shughuli nyingine: ni za warfarini, vipimo vya INR na nauli ya kliniki ya mwezi wa 3 huko Dar es Salaam. Wageni tunawapokea saa 10 hadi saa 12 jioni, maji ya kunawa na sabuni yako mlangoni.

Ahsanteni sana, na Mwenyezi Mungu awabariki.

Ni sisi, wazazi, mume, kaka na dada zake, kwa niaba ya ukoo mzima.