Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa klabu yetu ya filamu za barafu

Ndugu wanachama, salaam.

Ya kawaida nayapitia haraka maana mnayajua. Maonyesho 6. Filamu bubu ya 1929 ya Piz Palü, ule mlima wa Alps, tumeiona, The Empire Strikes Back, ile ya Star Wars waliyoishuti Finse, Norwei, kwenye barafu ya Hardangerjøkulen tumeiona, na Die Another Day ya James Bond pia, nikawaelezea mwenyewe jinsi watengenezaji walivyoziba mdomo wa ziwa la Jökulsárlón, Iceland, maji ya chumvi ya bahari yasiingie mpaka likaganda, magari yakakimbizana juu yake. Projekta ya kuazima nimeihangaikia mimi mara zote.

Sasa lile la onyesho la mwisho wa mwaka. Maneno yamekuwa mengi kwamba mwenyekiti kajiamulia tu kuitoa Interstellar akaweka Chasing Ice, tena akakodi ukumbi wa sinema wakati tuna ukuta wetu mweupe. Ni kweli niliamua, muda wa kuthibitisha ukumbi ulikuwa unaisha na nilipouliza kwenye grupu walijibu watu 4. Lakini nisikilizeni jamani. Barafu ya Svínafellsjökull kule Iceland, kwenye Batman Begins imefanywa Himalaya, kwenye Interstellar ikafanywa sayari nyingine kabisa, ni ileile, na kote huko hakuna anayeitaja jina. Chasing Ice ya 2012 ni filamu ya matukio ya kweli, barafu imekuja kama yenyewe, mpiga picha James Balog na wenzake wametega kamera kwenye miamba miaka kadhaa, zinapiga zenyewe, unaona mto wa barafu unavyorudi nyuma. Halafu lile tukio la Ilulissat, Greenland, mwaka 2008, barafu ilikatika ikiangukia majini kwa dakika 75! Kwenye simu utadhani sukari inamwagika. Pale ukumbini nilikaa mstari wa tatu, kipande kikapinduka kikaibuka kutoka chini ya maji, kinapanda tu hakiishi, mama mmoja mbele yangu akakamata kiti kwa mikono miwili na hakukiachia mpaka taa zikawashwa. Ukuta wetu usingetupa hilo, na uamuzi ule ningeurudia.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Viti 80, tulikaa watu 19, wanachama 11. Waliolalamika zaidi sikuwaona hata mmoja. Na ada ndo kabisa, tuko 52, waliomaliza kulipa 21, walioleta nusu 6, wengine kimya tangu mwaka juzi na bado wanauliza hela za ukumbi zimetoka wapi. Zimetoka kwa hao 21, palipopungua nikaongeza mimi, risiti anazo mhazini, nendeni mkazione.

Mwakani tukijaliwa tunafikiria kupeleka hizi filamu mashuleni, na labda tupate skrini yetu, itategemea mfuko. Interstellar tutaionyesha, nimeahidi na sirudi nyuma, ila kabla taa hazijazimwa nitasimama mbele niwaambie ile barafu inaitwaje.