Lambo la mafuriko likiwa tupu, liacheni tupu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoishi karibu na malambo madogo ya udongo yaliyojengwa kupunguza mafuriko, na hasa na kamati zinazoyatunza. Malambo haya hukaa makavu kwa miezi mingi, au yakiwa na kidimbwi tu chini, na ukavu huo ndio unaoyaponza. Watu wakiliona lambo halina maji hudhani limeshindwa kazi. Mmoja huziba mdomo wa bomba kwa magunia ili mifugo ipate pa kunywa. Mwingine hupanga mawe na udongo juu ya kizingiti cha utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, ili kina kiongezeke nusu mita. Nia yao ni njema kabisa. Lakini lambo la mafuriko hufanya kazi kwa ile nafasi tupu. Mvua kubwa ikishuka, maji hujaa humo kwa saa chache, kisha bomba huyatoa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwa kawaida zisizozidi 10, ili nafasi ipatikane tena kabla ya mvua nyingine. Anayelijaza mapema anabaki na tuta la udongo lililobeba maji, bila kinga yoyote.

Nianze na utoro, ile njia pana iliyochimbwa pembeni ili maji ya ziada yapite bila kugusa tuta. Wengi hawajui jinsi nusu mita ya mawe kwenye kizingiti inavyogharimu. Chukua utoro wenye upana wa mita 10, na kilele cha tuta kikiwa mita 1.5 juu ya kizingiti. Maji yakipita juu ya kizingiti yakiwa na kimo cha mita 1, utoro hupitisha takriban mita za ujazo 17 kila sekunde, na bado kuna nusu mita ya akiba kwa ajili ya mawimbi. Pandisha kizingiti nusu mita, huku ukitaka kubaki na akiba ile ile: kimo kinachoruhusiwa sasa ni nusu mita, na utoro unapitisha mita za ujazo 6 tu. Kimo kimepungua kwa nusu, uwezo umepungua kwa karibu theluthi mbili. Mafuriko yaleyale yakija, maji yatatafuta njia juu ya tuta.

Na maji yakishapita juu ya tuta la udongo, mambo huenda haraka. Hayaanzi kukata juu; huanza kwenye mteremko wa nje, mara nyingi chini mguuni, yakichimba ngazi inayorudi nyuma hadi kufika kileleni. Hapo pengo limefunguka, na kila dakika linapanuka. Ndiyo maana hata kichaka au uzio wa miiba ndani ya utoro si jambo dogo. Vivyo hivyo shamba la mahindi: mwaka mzuri hakuna anayeona tatizo, mwaka wa mafuriko mabua hukusanya takataka na kuwa ukuta. Utoro uwe na majani mafupi na usiwe na kitu kingine.

Kitu cha pili kinachopuuzwa ni usawa wa kilele. Maji hayapiti juu ya tuta zima kwa pamoja. Hupitia pale palipobonyea. Njia ya ng'ombe inayokatiza tuta inaweza kula sentimita 20 au 30 za udongo kwa miaka michache, na hapo ndipo tuta litakapokatika. Tuta pia hushuka lenyewe kwa uzito wake, na hushuka zaidi katikati, palipo parefu zaidi. Fundi mzuri huongeza kama asilimia 5 ya kimo wakati wa kujenga, maana yake sentimita 25 kwa tuta la mita 5, kwa hiyo tuta jipya huonekana kama lina nundu. Basi hutokea mtu na greda akaisawazisha nundu hiyo ili barabara ipendeze! Kupima hakuhitaji vyombo vya ghali. Mpira wa plastiki unaoonyesha maji, ule wa mafundi ujenzi wa kusawazishia msingi, unatosha: pima kilele kila baada ya mita 10, andika kwenye daftari, rudia mwaka unaofuata.

Palipobonyea hapajazwi kwa kumwaga tripu ya udongo na kuondoka. Majani yote yaparuliwe, uso wa zamani ukwanguliwe kwa jembe ili ushikane na udongo mpya, kisha udongo utandazwe kwa tabaka la sentimita 15, ulowekwe, ushindiliwe, ndipo lije tabaka jingine. Udongo wenyewe uwe na mfinyanzi wa kutosha. Finyanga donge kiganjani: likivunjika na kuwa vumbi, ongeza maji, likiacha tope mkononi, subiri likauke kidogo.

Sasa bomba. Hapa ndipo malambo mengi madogo hufia kimyakimya. Kushindilia udongo pembeni mwa bomba, na hasa chini ya mbavu zake, ni kazi ngumu. Shindilio haliingii vizuri, na mjenzi mwenye haraka huacha uwazi. Maji hufuata uwazi huo, hubeba chembe za udongo moja moja, na handaki hukua kutoka nje kuelekea ndani bila mtu kuona. Zamani wajenzi walizungushia bomba kola za zege wakiamini zitayazuia. Siku hizi kinachotegemewa zaidi ni mkanda wa mchanga safi unaolizunguka bomba upande wa nje wa tuta: maji hupita, udongo hunaswa. Lambo lisilo na mkanda huo lichunguzwe kwa ukaribu zaidi pale bomba linapotokeza.

Kanuni ya kuchunguza ni rangi. Karibu kila tuta la udongo huvuja kidogo, na maji maangavu yanayotoka kwa kiasi kisichobadilika si ya kutisha. Weka kopo lenye ujazo unaojulikana, pima sekunde linazochukua kujaa, andika pamoja na kimo cha maji ya lambo siku hiyo. Mvujo ukiongezeka ilhali maji ya lambo hayajapanda, au ukianza kuwa na tope, hiyo ni dharura, si jambo la kusubiri kikao. Bwawa la Teton, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, lilikuwa na kimo cha mita 93 na wahandisi wake walikuwa papo hapo. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 walikuta mvujo wa maji ya tope. Dakika chache kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika, na watu 11 walikufa. Lambo la kijijini halitakupa saa nyingi kuliko hizo.

Kosa la kawaida katika dharura hii ni kuziba tundu upande wa nje kwa mfinyanzi au magunia. Maji hayazibiki, hujikusanya ndani ya tuta na kutokea mahali pengine kwa nguvu zaidi. Fanya kinyume: mwaga mchanga wa chembe kubwa juu ya mvujo, kisha kokoto, kisha mawe ya kukandamiza, ili maji yaendelee kutoka lakini yaache udongo nyuma. Kama ni chemchemi inayobubujika mguuni pa tuta, izungushie mifuko ya mchanga kama kisima kidogo. Maji yatakayopanda ndani ya kisima hicho yatapunguza msukumo. Wakati huohuo fungua lango la kukaushia lambo kama lipo, na watu wa bondeni waondoke kwanza, wakipanda ubavuni mwa bonde, si kukimbia kufuata mto.

Kuhusu miti sina mengi. Tuta si mahali pa miti. Mche wenye unene wa kidole ukatwe leo. Mti mkubwa using'olewe bila fundi, kwa sababu mizizi yake ikioza huacha mifereji, na shimo lake lazima lijazwe kwa tabaka kama nilivyoeleza. Ukoka ndio zulia bora. Vichuguu na mashimo ya panya, fuko au nungunungu yachimbuliwe hadi mwisho na kushindiliwa upya, si kuzibwa mdomo tu.

Wapo watakaosema malambo yetu ni madogo mno kuua mtu. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1977 tuta la udongo la takriban mita 12 lilikatika juu ya Toccoa, jimbo la Georgia nchini Marekani, na watu 39 wakafa. Huko Solai, Kenya, bwawa la udongo la shambani lilipasuka tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40. Ukubwa wa hatari hupimwa kwa kuangalia nani analala chini ya tuta. Marekani walijenga zaidi ya malambo 11,000 ya namna hii, mengi yakilinda mashamba tu. Baadaye nyumba zikaota bondeni, na lambo lililosanifiwa kwa kuzingatia hasara ya mazao tu likajikuta linalinda watoto. Anayegawa viwanja chini ya lambo aanze kwa kuuliza tuta hilo lilisanifiwa kwa mvua ya kiasi gani.

Mwisho ni lango la kukaushia, kwa malambo yaliyo nalo. Lisipoguswa miaka mitano, siku ya kuhitajika litakuwa limeshika kutu. Lipakwe grisi, lifunguliwe lote na kufungwa mara moja kila mwaka kabla ya masika, na wavu wa mdomo wa bomba usafishwe baada ya kila mvua kubwa. Kama hakuna dharura, maji yashushwe taratibu, kama sentimita 30 kwa siku, la sivyo mteremko wa ndani uliolowa utaporomoka. Ufunguo wa lango ukae kwa watu wawili, na wote wawili waishi ng'ambo ileile ya mto lilipo lango, kwa kuwa usiku wa mafuriko hakuna atakayevuka.

Fundi wa malambo