Mwarobaini wala antibayotiki ya OTC haviponyi kideri, tuchangiane chupa ya chanjo

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana naona wasomaji wenzangu wanarushiana maneno kuhusu dawa za kuku, huyu anasema dawa za dukani ni sumu turudi kwenye miti shamba ya babu zetu, yule anamjibu mwarobaini ni ushamba tu, nunua dawa. Mimi nafuga huku Kibaha, leyazi, wale kuku wa mayai, wapo bandani na kienyeji wanazurura uani, natumia za huku na za huku, na kwa kweli huu ubishi unanichosha kwa sababu ugonjwa unaotumalizia kuku wetu hautibiki kwa majani wala kwa kopo.

Nazungumzia kideri, wengine mnaita mdondo. Kile ni kirusi. Antibayotiki kazi yake ni bakteria, kirusi haikigusi kabisa, lakini nenda agroveti yoyote wakati wa msimu wa kideri ukae pembeni usikilize. Anaingia mama ana kuku kafa kwenye mfuko, anasema jana alikuwa anakoroma, kinyesi kijani, shingo imepinda inaangalia juu, na wengine wawili nyumbani wameshaanza kushusha mabawa. Kijana wa dukani hata mfuko hafungui, anageuka rafuni anatoa OTC, kijiko kimoja kwenye maji wape siku tano, na vitamini hii hapa uongezee. Mama analipa anaondoka, na banda linaisha hivyo hivyo. Akirudi kulalamika anaambiwa alichelewa. Ni kweli alichelewa, ila alichochelewa ni chanjo, na hakuna aliyemwambia hivyo siku ile.

Sasa wale wa miti shamba msishangilie bado. Najua mtaniambia mbona shubiri inasaidia, na ni kweli watafiti wa Sokoine pale Morogoro walishawahi kuijaribu kwa kuku walioambukizwa kideri, wale waliopewa mapema walikufa wachache kidogo kuliko wasiopewa. Wachache kidogo! Bado walikufa. Mimi hiyo siiti tiba. Na mtu akisikia habari hiyo nusu anaenda kutwanga shubiri na pilipili kichaa anaweka kwenye maji, halafu anatulia anasema kuku wangu nimeshawakinga, hapo ndipo hasira zinanipanda.

Sina ugomvi na miti shamba kwenye mambo yake. Utitiri na chawa mimi nawamwagia kuku majivu kwenye shimo wanalojigaragaza, wanajitibu wenyewe na sijatoa hata mia. Mwarobaini nao nautumia ila mwepesi, maana ukiuzidisha maji yanakuwa machungu kuku hanywi, na leyazi asipokunywa maji mayai yanashuka hapo hapo. Kinachonikera ni hii kauli eti cha asili hakina madhara. Tumbaku ni ya asili, mloweshee kuku maji yake kwa ajili ya chawa uone kama haijamlaza chini. Majani ya parachichi ni ya asili na ni sumu kwa ndege, yanaharibu moyo. Halafu dozi yenyewe eti kiganja kimoja, kiganja cha nani, changu au cha mjukuu wangu?

Za dukani nazo tunazitumia hovyo. Mfano mzuri ni kuhara damu, koksidiosisi, huko dawa ya dukani inafanya kazi vizuri kabisa. Amproliamu ujanja wake ni kwamba imefanana na vitamini B1, kile kijidudu cha tumboni kinaichukua kikidhani ni vitamini, kinakosa B1 ya kweli kinakufa. Sasa wewe unaweka amproliamu kwenye maji halafu kwa huruma unaongezea vitamini zenye B1 humo humo ili kuku apate nguvu, unamlisha mdudu. Wauzaji wengi wanakufungia vyote viwili kwenye mfuko mmoja. Na ukimaliza dozi ukaacha maranda yamelowa chini ya vyombo vya maji, ugonjwa unarudi, kwa sababu mayai ya yule mdudu yanakomaa kwenye unyevu. Badilisha maranda bwana, hiyo si dawa ya asili wala ya kemikali.

Suala la mayai sitaki hata kulizungumza sana maana tunafahamiana. Lebo inasema siku kadhaa usile wala usiuze mayai baada ya dawa, kila dawa na siku zake, na trei zinaondoka asubuhi kama kawaida. Hayo mabaki tunayala sisi na watoto, na bakteria wanazoea dawa. Ulaya walishapiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu mwaka 2006, huku kwetu mtu anazitumia kama chumvi.

Nirudi kwenye kideri maana ndiko nilikotaka kufika. Ukiuliza kwa nini mama wa kuku kumi anakimbilia mwarobaini badala ya chanjo, watu wanajibu haraka eti elimu. Si elimu peke yake. Mwarobaini unauchuma kwa kiasi cha kuku wako, chanjo inakuja kwenye chupa ya kuku mia, mia mbili na kuendelea. Ile ya maji ukishaichanganya ni ndani ya saa mbili hivi iwe imeisha, huwezi kuweka kwenye friji ukamalizia mwezi ujao, na ukitumia maji ya bomba yenye klorini umeiua kabla kuku hajainywa. Sasa mwenye kuku kumi anunue chupa nzima amwage iliyobaki? Atafanya hesabu ataenda kwenye mti, na mimi simlaumu.

Ndiyo maana naipenda ile ya tone la jicho, I-2, inavumilia joto kuliko hizo nyingine na wakala wetu wa maabara ya veterinari TVLA anaitengeneza hapa hapa nchini. Dozi ni moja kwa kifaranga na kwa jogoo. Unamshika kuku alfajiri kabla hamjamfungulia, unamlaza ubavu kichwa kiinamie upande, tone moja linaingia jichoni, unasubiri apepese, ukimwachia kabla hajapepesa lile tone limeishia kwenye manyoya. Unarudia kila baada ya miezi mitatu. Ila ukichanja kuku wakati kideri kimeshaingia bandani umechelewa, kinga inahitaji wiki moja mpaka mbili kujijenga.

Mtaani kwetu kaya zenye kuku wachache zimepakana, tukichangiana chupa moja inaisha asubuhi ile ile na kila mtu katoa hela ya soda. Kinachokosekana ni mtu wa kusema Jumamosi fulani msifungulie kuku. Mwenyekiti wa mtaa anaweza, bwana mifugo wa kata anaweza, hata grupu la WhatsApp la mtaa linalojaa picha za maua asubuhi linaweza.

Juni 2025 Rais Samia alizindua kule Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo na kuku wa asili wakaingizwa bila malipo, jambo zuri sana na nalipongeza. Ila kideri hakisubiri kampeni, kinga ya tone la kwanza ikipungua baada ya miezi mitatu nani anapita tena na chupa? Naomba Mhariri mtuulizie wizarani, na kama nafasi ipo pale mnapoandika bei za mazao basi muweke na kumbusho la mwezi wa chanjo. Na wasomaji wa mikoani ambao tayari mna vikundi vya kuchangia chupa, tuandikieni mnagawanaje gharama, kwa kichwa cha kuku au kwa kaya, maana hapo ndipo sisi tumekwama.

Mfugaji,
Kibaha, Pwani