Mnaotufundisha Linux, tuambieni kwanza programu zinatoka wapi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, maana hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Tangu Windows 10 iache kuhudumiwa Oktoba 2025 watu wengi wenye kompyuta za zamani wamehamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwa sababu Windows 11 inazikataa mashine zao, na mi nafurahi sana kuwaona manake natumia Linux mwenyewe kila siku. Sasa tatizo ni kwamba wengi hawamalizi hata mwezi wanarudi walikotoka, na ukiwauliza nini kimewashinda hawasemi mfumo ni mbovu, wanasema wameshindwa kuweka programu. Hapo kosa naona ni letu sisi tunaowaelekeza, tunawarushia amri za kukopi na kupesti alafu tunaondoka.

Mtu aliyezoea Windows akitaka programu anafungua brauza, anatafuta jina, anadaunlodi faili, anabonyeza mara mbili. Ndivyo anavyojua na ndivyo anavyoanza na huku, kwahiyo anadaunlodi faili la .exe, lile la programu za Windows, halifunguki, anadaunlodi lingine la .tar.gz, mafaili yaliyobanwa pamoja, analifungua anakuta mafaili kibao hajui aanzie wapi, anakata tamaa. Hakuna aliyemwambia kwamba Linux ina ghala. Linux ziko za aina nyingi na kila aina ina ghala lake la programu lililopangwa na watu wake, mfano Debian, ile aliyoianzisha Ian Murdock mwaka 1993, toleo lake la 12 lilitoka 2023 likiwa na vifurushi, yaani programu na vipande vyake, zaidi ya 64,000, na Ubuntu imejengwa juu ya msingi huohuo, Linux Mint nayo vilevile. VLC ya kuchezea video imo, GIMP ya kuhariri picha imo, LibreOffice ya kazi za ofisi imo. Unafungua duka la programu pale kwenye menyu, unaandika jina, unabonyeza kitufe, imekwisha. Kama programu inategemea vitu vingine, ghala linavileta vyenyewe, na orodha ya ghala ina sahihi ya kidijitali ambayo kompyuta inaikagua kabla ya kuweka chochote, kwahiyo faili likichezewa njiani linakataliwa. Ikifika siku ya kusasisha zinasasishwa zote kwa mkupuo mmoja. Mtu akielewa hili tu, nusu ya safari ameshaimaliza.

Kuhusu terminali, ile skrini nyeusi ya kuandika amri, wapo wanaosema anayeanza asiiguse kabisa na wapo wanaosema bila hiyo hujatumia Linux, mi siko na hao wala hao. Aanze na duka, na terminali ataizoea taratibu akielezwa kila neno linafanya nini. Hebu chukua amri mbili zinazotajwa kila siku, sudo apt update na sudo apt upgrade. Neno sudo linaomba ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, na apt ndo programu inayoshughulika na ghala. Ya kwanza haisasishi programu hata moja, inasoma upya orodha ya vilivyopo ghalani basi, ya pili ndo inaleta matoleo mapya na kuyaweka. Nimeshaona watu wanapiga ya kwanza kila asubuhi wakiamini wamesasisha, na miezi inapita brauza yao ni ileile ya zamani yenye matundu ya usalama.

Kuna dada mmoja nilikaa naye kumsaidia siku yake ya kwanza, akaandika sudo, mashine ikamuuliza paswedi, akaanza kuandika na kwenye skrini hakuna kinachotokea, hata nukta. Akabonyeza tena kwa nguvu, akafuta, akajaribu kibodi nyingine, mwisho akaniambia kompyuta imeganda. Haikuganda, terminali inaficha paswedi ili mtu aliye karibu asijue hata ina herufi ngapi, unaandika hivyohivyo bila kuona alafu unabonyeza Enter. Sentensi moja tu hiyo, lakini maelekezo yote aliyokuwa anayasoma hayakuwa nayo! Angekuwa peke yake siku ile angeishia hapo.

Lingine ni lile tangazo la kwamba ghala limefungwa, could not get lock. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuna programu nyingine inaweka au inasasisha vitu wakati huohuo, hasa ile ya kusasisha yenyewe nyuma ya pazia ukishawasha tu kompyuta. Dawa yake ni kusubiri dakika chache. Sasa ukitafuta kwenye intaneti unakuta watu wanashauri ufute faili la kufuli, na mgeni anafuta kweli, programu mbili zinaandika sehemu moja kwa pamoja, kinachofuata ni vifurushi vilivyowekwa nusunusu. Jamani huo ushauri tuache kuutoa.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilitaka toleo jipya la programu ya kuhariri video kuliko lililokuwa ghalani, nikafuata maelekezo ya mtu nikaongeza ghala la nje, zile zinazoitwa PPA, na ilifanya kazi vizuri tu mpaka miezi kadhaa baadaye nilipopandisha mfumo kwenda toleo jipya. Ghala lile halikuwa limeandaliwa kwa toleo hilo, vitu vikaanza kugongana, nikajaribu kurekebisha kwa amri niliyoikuta mahali. Apt ikaniandikia wazi kabisa, orodha ndefu ya vitakavyoondolewa chini ya neno REMOVED kwa herufi kubwa, na ndani yake ubuntu-desktop, kifurushi kinacholeta madirisha na menyu, ikauliza niendelee, nikabonyeza Y bila kusoma kwa sababu maelekezo yalisema bonyeza Y. Nilipowasha tena hakuna madirisha, hakuna menyu, ni herufi nyeupe tu kwenye weusi, na kazi ya watu nilitakiwa kuikabidhi kesho yake. Mafaili yangu yalikuwa salama ila wakati ule sikujua, nilikaa pale natetemeka. Kilichoniokoa ni kubonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja, nikaingia kwa jina na paswedi, nikafungua faili la /var/log/apt/history.log ambalo linaandika kila kilichowekwa na kilichoondolewa pamoja na tarehe na saa, nikaona nini kimeondoka. Nikalitoa lile ghala la nje nikarudisha ubuntu-desktop, ikachukua usiku mzima. Tangu hapo kila ninayemwekea Linux namwekea na Timeshift siku hiyohiyo, inapiga picha ya mfumo ukiharibu unarudi nyuma, na namwonyesha neno REMOVED linakaa wapi.

Wanaotaka matoleo mapya siku hizi wana Flatpak na Snap, njia nyingine za kuweka programu, ambazo programu inakuja na vitu vyake vyote na haigusi sana mfumo wenyewe, zinakula nafasi zaidi kwenye diski lakini kwa anayeanza ni afadhali mara mia kuliko ghala la mtu usiyemjua. Ila naye aelezwe, kwa mfano Ubuntu kuanzia toleo la 22.04 ukiweka Firefox kwa apt inayokuja ni ya Snap, mtu akiondoa Snap kwa hasira anashangaa brauza imeenda wapi.

Ombi langu kwenu mhariri ni hili. Mnapochapa maelekezo kwenye ukurasa wenu wa teknolojia andikeni ni ya toleo gani na yameandikwa lini, kwa sababu matoleo ya kawaida ya Ubuntu yanahudumiwa miezi 9 tu wakati yale ya LTS, ya kuhudumiwa muda mrefu, ni miaka 5, na toleo likishaachwa ghala lake linahamishwa, anayeanza akiweka kutoka kwenye diski ya zamani anapata kosa la 404, yaani faili halipo, kila anachogusa na anadhani intaneti yake ndo mbovu. Pia chini ya kila amri wekeni mistari miwili, inafanya nini na inaondolewaje kama mtu hakuipenda, maana apt remove inatoa programu inaacha mipangilio yake ya kwenye mfumo na apt purge inatoa na hiyo, na hilo sijaliona likiandikwa hata mara moja kwenye kurasa za wanaoanza. Nafasi ikiwa ndogo, punguzeni idadi ya amri, msipunguze maelezo.

Msomaji wenu wa siku nyingi